Uzoefu wa mtoano NBA: una uzito gani hasa? (uzi mrefu)

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa kawaida wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ukimalizika, baada ya zile mechi 82, kuna kauli moja lazima uisikie kabla mtoano haujaanza: "Hawa bado wachanga, hawajawahi kufika huko." Husemwa kwa uhakika wa mtu anayesoma kanuni za ligi. Nimeitafakari kwa miaka, na naona nusu yake ni kweli kabisa. Nusu iliyobaki imewapoteza wengi, wakiwemo wakuu wa timu waliotoa mali ya kutisha kununua kitu kisichouzwa.

Nianze na wanaoiamini, maana ushahidi wao si mdogo.

Houston Rockets, 1995. Walikuwa mabingwa watetezi, lakini msimu wa kawaida walishinda mechi 47 na kupoteza 35, wakaingia mtoano wakiwa nafasi ya sita Magharibi (ligi imegawanyika Mashariki na Magharibi). Njiani wakakutana na Utah yenye ushindi 60, Phoenix yenye 59, San Antonio yenye 62, na fainali Orlando yenye 57. Hakuna hata mfululizo mmoja (timu mbili hukutana mara kadhaa hadi moja ipite) walioanzia nyumbani. Utah waliwaongoza 2-1 wakati raundi ya kwanza ilikuwa bado ya mechi tano, Phoenix wakawaongoza 3-1, na kote huko walijinasua. Hadi leo hakuna timu iliyotwaa ubingwa ikitokea nafasi ya chini kuliko hiyo.

Mechi ya kwanza ya fainali ile sijaisahau. Orlando ya Shaquille O'Neal na Penny Hardaway, kwao, walifika kuongoza kwa pointi 20. Zikabaki sekunde kama kumi, wanaongoza kwa tatu, Nick Anderson yuko kwenye mstari wa mitupo huru. Akakosa miwili. Akauokota mpira mwenyewe, akachezewa faulo tena, akakosa mingine miwili. Kenny Smith akatupa ya pointi tatu, ikaingia, mechi ikaenda muda wa nyongeza, Houston wakashinda 120-118. Mfululizo ukaisha 4-0. Kocha Rudy Tomjanovich akapaza sauti kuwaambia watu wasiudharau moyo wa bingwa, na tangu siku hiyo hoja ya uzoefu ikapata kaulimbiu yake.

Sasa upande wa pili. Golden State, 2015. Katika kikosi kizima hakukuwa na mchezaji hata mmoja aliyewahi kucheza fainali. Kocha Steve Kerr alikuwa kwenye mwaka wake wa kwanza kabisa wa ukocha. Mbele yao alisimama LeBron James aliyekuwa akicheza fainali ya tano mfululizo. Walishinda 4-2. Ukirudi nyuma zaidi unakuta Portland ya 1977: timu haikuwahi kuingia mtoano hata mara moja tangu iundwe, na mara ya kwanza tu ilipoingia ikachukua ubingwa, tena baada ya kufungwa mechi mbili za kwanza za fainali na Philadelphia.

Kwa hiyo uzoefu una maana au hauna?

Jibu langu: una maana, ila watu wanapima kitu kisicho chenyewe. Wanahesabu pete (kila bingwa huvishwa moja) na miaka. Mimi nahesabu jambo jingine, na ili nilieleze inabidi kwanza tukubaliane mtoano unabadilisha nini uwanjani.

Msimu wa kawaida unacheza na timu leo, kesho umepanda ndege, keshokutwa una timu nyingine. Hakuna anayepata muda wa kukuchambua hadi mfupa. Mtoano ni kinyume. Ni timu ileile hadi mara saba ndani ya wiki mbili. Makocha wanakaa na video usiku kucha wakitafuta kitu kimoja: udhaifu ambao msimu mzima ulifichika. Wachezaji wanaotumika wanapungua hadi saba au wanane. Mpira unapungua mwendo, vikapu vya mbio vinapungua, na kila mtu anajua mchezo wako utakaouita kabla hujauita. Mlinzi wako asiyejua kutupa mbali ataachwa wazi makusudi. Mrefu wako mzito atavutwa hadi juu, akutane na mtu mwepesi, mara ishirini usiku mmoja.

Yaani mtoano ni kunyang'anywa silaha yako. Kikosi kilichokwisha kunyang'anywa, kikaumia, kikarudi kikiwa na silaha ya pili, ndicho ninachokiita chenye uzoefu. Kikosi chenye pete mfukoni lakini kimekusanywa juzi, mimi sikihesabii hivyo.

Chicago Bulls ndio mfano mkubwa kwangu. Detroit waliwatoa 1988, wakawatoa 1989, wakawatoa 1990. Miaka mitatu mfululizo ukuta uleule: ulinzi uliopangwa mahususi kwa Michael Jordan, kumzingira kila akigusa mpira, kumpiga kila akiingia ndani, wengine wapewe nafasi waonyeshe kama wanaweza. Mechi ya saba ya 1990 walifungwa 93-74. Alichokifanya Phil Jackson ni kusisitiza mfumo wa pembetatu ambao ulitoa mpira mikononi mwa Jordan na kuwalazimisha wengine wawe tishio. 1991 wakawafunga Detroit 4-0, kisha fainali wakakutana na Lakers ya Magic Johnson, mtu mwenye pete tano. Bulls hawakuwa wamewahi kuiona fainali. Wakapoteza mechi ya kwanza, wakashinda nne zilizofuata.

Ukihesabu pete, Lakers walikuwa na uzoefu zaidi. Ukihesabu mateso ya pamoja, Bulls walikuwa wamehitimu.

Karibuni tujadili.

#2

Mkuu, uzi mzuri, lakini mimi nikupinge kwa upande wa hesabu. Timu yenye dakika nyingi za mtoano imezipataje? Kwa kuwa nzuri. Mchezaji mbovu hachezi mtoano miaka kumi, na timu mbovu haifiki raundi ya tatu. Kwa hiyo tukisema "wenye uzoefu hushinda zaidi", huenda tunasema tu "wazuri hushinda zaidi" kwa maneno marefu.

Ili uthibitishe uzoefu wenyewe unasaidia, lazima uchukue timu mbili zenye ubora uleule kwa msimu ule, moja ina uzoefu na nyingine haina, halafu uone nani anapita. Kutuletea mabingwa peke yao hakutoshi. Ni wangapi walikuwa na mateso ya pamoja na bado wakafa wanayo? Utah ya Stockton na Malone ilikaa pamoja miaka mingi, ikafika fainali 1997 na 1998, mara zote mbili ikakuta Jordan.

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hapo umenishika pazuri na sikimbii. Umesema kweli, sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzoefu ni ubora uliovaa koti jingine. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya timu bora changa na timu ya wastani yenye pete nyingi, nachagua timu bora bila kufikiri mara mbili. Oklahoma City walishinda 68 na kupoteza 14 msimu wa 2024-25 wakiwa miongoni mwa vikosi vichanga zaidi kuwahi kutwaa ubingwa, na mtu aliyewadharau kwa umri alipoteza.

Lakini kipimo chako hicho cha ubora unakipata wapi? Kwa kawaida kwenye msimu wa kawaida. Na hapo ndipo wazoefu huwa wanapunjwa. Lakers ya Shaq na Kobe, mabingwa watetezi, walishinda mechi 56 tu msimu wa 2000-01, wamegombana nusu mwaka, kisha mtoano wakashinda 15 na kupoteza moja. Boston ya 1969 ilimaliza nafasi ya nne Mashariki, Bill Russell akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja katika msimu wake wa mwisho, na wakaifunga Lakers mechi ya saba ugenini. Timu iliyokwisha kushinda inajua ubingwa hautolewi Januari. Inaumwa, inapumzisha, inajaribu mambo. Rekodi yake inashuka chini ya uwezo wake halisi.

Nadhani ndiyo sababu hata wale wa FiveThirtyEight, waliokuwa wakitabiri NBA kwa kompyuta, waliona wakiongeza kipengele cha uzoefu wa mtoano kwenye hesabu zao utabiri unakuwa bora. Kwao kilikuwa cha nyongeza juu ya ubora. Na mimi nakiweka hapohapo: mizani ikiwa sawa, uzoefu unaiinamisha kidogo.

Kuhusu Utah, nakubali. Kuna ukuta mwingine haupasuki hata uugonge mara ngapi. Sikusema mateso yanatoa hati ya ubingwa.

#4

Mimi siafiki kabisa hii ya kudharau pete. Robert Horry ana pete saba kwa timu tatu tofauti. Hakuwa nyota kokote alikopita, lakini kila alikokwenda wanashinda. Mtu kama huyo unamweka chumbani na vijana, anawatuliza. Utulivu hauonekani kwenye takwimu, wakuu. Timu yoyote changa inayotaka ubingwa itafute mzee mmoja mwenye pete, hiyo ni lazima.

#5 Mwanzisha uzi

Kaka, Horry namheshimu sana, na mitupo yake ya dakika za mwisho dhidi ya Sacramento 2002 na Detroit 2005 haiwezi kufutwa. Ila tuangalie alikuwa na nani: Hakeem Olajuwon, kisha Shaq na Kobe, kisha Tim Duncan. Timu zile zilikuwa tayari na injini.

Rudi kwenye Orlando ya 1995 niliyoanza nayo. Unamkumbuka Horace Grant? Alikuwa na pete tatu za Chicago. Alitoka Chicago moja kwa moja, akaja kuwafunza vijana namna ya kushinda. Na walifika fainali, sikatai, hata Chicago yenyewe waliitoa. Lakini Nick Anderson aliposimama pale mstarini, pete tatu za Grant hazikuweza kumtupia. Uzoefu wa mwenzako unaweza kukuandaa, hauwezi kukuazimisha mikono.

Mfano unaoniuma zaidi ni Brooklyn ya 2013-14. Waliwachukua Kevin Garnett na Paul Pierce kutoka Boston, mabingwa wa 2008, watu wenye heshima zao. Wazo lilikuwa hilo lako, kaka: tununue uzoefu. Garnett alikuwa anakaribia miaka 38, Pierce 36. Miami wakawatoa 4-1 raundi ya pili, na ndani ya muda mfupi wote wawili walikuwa wameondoka. Uzoefu unakuja na umri, na umri unakuja na magoti. Hilo la pili huwa halitajwi kwenye mkutano wa kuwatangaza.

Walilipa nini? Chaguo za drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji wapya, za miaka ya mbele. Ya 2016 ikawa Jaylen Brown. Ya 2017 ilikuwa ya kwanza kabisa, Boston wakaibadilishana na Philadelphia kwa ya tatu, wakamchukua Jayson Tatum. Vijana hao wawili wakaanza safari yao: fainali za Mashariki 2017 Brown akiwa mgeni kabisa, 2018 wote wawili, 2020 tena, fainali kuu 2022, Mashariki 2023, kote wakifungwa. 2024 wakawa mabingwa, wakipoteza mechi tatu tu mtoano mzima. Brooklyn walinunua uzoefu uliokwisha muda wake, na bei waliyolipa ndiyo ikageuka uzoefu unaoota.

#6

Mkuu umetaja fainali ya 2022, naomba tuikalie kidogo maana naona inakupa nguvu na inakupinga kwa pamoja.

Boston ile hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kucheza fainali. Al Horford alikuwa amecheza mechi 141 za mtoano kabla ya kuigusa, hakuna aliyewahi kusubiri mechi nyingi hivyo. Golden State walikuwa na Curry, Thompson, Green na Iguodala, watu wa fainali tano mfululizo kuanzia 2015 hadi 2019. Kwa nadharia ya woga, mechi ya kwanza kule San Francisco Boston ilipaswa kutetemeka robo ya nne. Kilichotokea ni kwamba robo ya nne Boston walishinda 40-16! Horford, mgeni wa fainali mwenye miaka 35, alipiga pointi 26.

Uchanga ulikuja kuonekana baadaye. Mechi ya nne wako kwao, wanaongoza mfululizo 2-1, zimebaki dakika tano na ushee wanaongoza 94-90. Kuanzia hapo Golden State wakafunga 17 wao wakafunga 3. Curry alimaliza na 43.

#7 Mwanzisha uzi

Asante sana kwa hili, ni mfano bora kuliko wangu.

Na tazama Boston walikufaje. Hawakufa kwa kutetemeka mikono peke yake. Walikufa kwa kupoteza mpira. Tatum peke yake alipoteza mipira 100 katika mtoano ule, rekodi ya ligi. Golden State waligundua kwamba akiingia ndani katikati ya watu hana jibu la pili lililo tayari, wakamwekea mikono njiani. Mechi ya kwanza silaha yao ya pointi tatu ilifanya kazi kwa sababu bado haijachukuliwa. Kufikia ya nne ilikuwa imechukuliwa, na hawakuwa na nyingine.

Ndiyo maana mimi mechi ya kwanza ya mfululizo hainiambii mengi kuhusu uzoefu. Naanza kuangalia kuanzia ya tatu na ya nne, baada ya pande zote kufanya marekebisho.

Na 2024 Tatum yuleyule, Dallas wakimzingira, hakulazimisha. Alitoa pasi mapema. Alitupa vibaya karibu fainali nzima kwa kiwango chake, na bado aliongoza timu yake kwa pointi, ribaundi na asisti kwenye mfululizo ule. Huo ndio uzoefu uwanjani, unaweza kuuona kwa macho.

#8

Swali: na kocha je? Golden State ya 2015 uliyoitaja, wachezaji hawakuwa na uzoefu wa fainali lakini Kerr mwenyewe kama mchezaji ana pete tano, tatu Chicago na mbili San Antonio. Labda uzoefu ulikuwa benchini.

#9 Mwanzisha uzi

Naam, na ninaamini ulichangia, ingawa si kwa njia ya hotuba za chumbani.

Timu ile ilijikuta nyuma 2-1 mara mbili mwaka ule. Mara ya kwanza ni Memphis, raundi ya pili. Mechi ya nne Kerr akamwambia senta wake Andrew Bogut amkabe Tony Allen. Maana yake hasa ilikuwa usimkabe: Allen alikuwa mlinzi wa kutisha lakini hatupi kwa mbali, kwa hiyo Bogut akabaki ndani akiziba njia, Allen akaachwa wazi aamue mwenyewe. Mashambulizi ya Memphis yakakwama na mfululizo ukageuka. Mara ya pili ni fainali. Nyuma 2-1, mechi ya nne Kerr akamtoa Bogut kwenye tano za mwanzo akamwingiza Andre Iguodala, ambaye msimu mzima hakuwa ameanza mechi hata moja. Kikosi kikawa kifupi na chepesi, wakashinda tatu mfululizo, Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali.

Kwa kocha mgeni kufanya hivyo mara mbili, kubadilisha kilichomletea ushindi 67 katikati ya moto, ndicho ninachokitafuta. Mzoefu mbaya ni yule anayeng'ang'ania kilichomfikisha. Tena tuseme haki yote: Cleveland walimkosa Kevin Love fainali nzima, na Kyrie Irving aliumia mechi ya kwanza. Majeruhi wameamua fainali nyingi kuliko uzoefu.

Mfano mwingine wa benchi ni 2007. Golden State wamekaa misimu 12 bila kuuona mtoano, wameingia nafasi ya nane, mbele yao Dallas yenye ushindi 67 iliyotoka fainali mwaka uliotangulia. Wakaishinda 4-2. Kocha wao Don Nelson ndiye aliyemlea Dirk Nowitzki pale Dallas. Alijua asichokipenda, akamwekea watu wafupi wenye nguvu miguuni mwake kila alipopokea mpira. Wachezaji hawakuwa na uzoefu wa mtoano, ila kocha alikuwa na uzoefu wa mpinzani.

#10

Ukimtaja Dirk usiache 2011, tafadhali. Hiyo ndiyo fainali iliyonifanya nipende mchezo huu.

2006 Dallas wanaongoza Miami 2-0, mechi ya tatu wanaongoza kwa 13 robo ya nne, wakaachia, wakapoteza nne mfululizo. 2011 tena ni Miami, safari hii na LeBron, Wade na Bosh. Mechi ya pili Dallas wako nyuma kwa 15 zimebaki dakika kama saba. Wakamaliza kwa kufunga 22 dhidi ya 5, Dirk akamaliza kazi kwa mkono wa kushoto uliokuwa na kidole kilichoumia. Yaani maumivu yaleyale, upande wa pili wa kioo.

#11 Mwanzisha uzi

Sitaiacha. Ila nikutie changamoto kidogo: kikosi cha 2006 kilichobaki 2011 ni Dirk na Jason Terry peke yao. Kocha ni mwingine, Rick Carlisle. Kwa hiyo haikuwa timu ileile iliyoumia. Kilichokuwapo ni wazee kila mmoja na jeraha lake: Jason Kidd ana miaka 38 na amefungwa fainali mbili akiwa New Jersey, Shawn Marion ameishia njiani mara kadhaa akiwa Phoenix. Hapa nakubali nadharia yangu ya "pamoja" inalegea. Pengine majeraha tofauti yanaweza kukaa chumba kimoja yakaelewana, mradi kila mwenye jeraha bado ana miguu.

#12

Na OKC (Oklahoma City) ya 2025? Wao waliumia lini? Walikuwa watoto tu.

#13 Mwanzisha uzi

Waliumia mara moja, na walijifunza haraka kuliko timu yoyote niliyowahi kuifuatilia.

2024 walikuwa wa kwanza Magharibi, Dallas wakawatoa 4-2 raundi ya pili. Dallas walifanya kile nilichosema mwanzoni: walimwacha Josh Giddey wazi, wakatumia mtu wake kuzuia njia za Shai Gilgeous-Alexander. Giddey akaishia kuanzia benchi. Mwezi mmoja na siku chache tu tangu watolewe, timu ikampeleka Giddey Chicago ikamchukua Alex Caruso. Wakamwongeza Isaiah Hartenstein kwa ajili ya ribaundi na urefu. Kwa hiyo aliyejifunza kwanza ni ofisi.

Mwaka uliofuata, raundi ya pili, Denver wakawafikisha mechi ya saba. Nikola Jokić ana sentimita 211. Aliyepewa kazi ya kumsumbua mbele ni Caruso mwenye sentimita 196, akipigana naye kabla hata mpira haujamfikia. Wakashinda 125-93. Utasema Caruso ana pete ya Lakers ya 2020, kwa hiyo kaka wa #4 alikuwa sahihi. Nampa nusu. Caruso hakuletwa akae benchi na kusimulia hadithi. Aliletwa kwa sababu ni miongoni mwa walinzi bora duniani na alijaza tundu lilelile Dallas walilolichimba.

Kisha fainali. Mechi ya kwanza Indiana hawakuongoza hata sekunde moja hadi Tyrese Haliburton alipotupa ikiwa imebaki 0.3. Kikosi kichanga kingeweza kuvunjika hapo. Mechi ya nne wako Indianapolis, nyuma 2-1 na nyuma robo ya nne, Shai akachukua dakika za mwisho na wakashinda 111-104. Ubingwa ukaja mechi ya saba.

#14

Mimi nina swali la mwisho, na natoka kwenye timu na kurudi kwa mtu mmoja mmoja. Kobe Bryant mwaka wake wa kwanza, 1997, kule Utah, ana miaka 18, alitupa mipira minne mwisho wa mechi na muda wa nyongeza bila hata kugusa ringi. Lakini Magic Johnson mwaka wake wa kwanza, 1980, miaka 20, Kareem ameumia, akacheza kama senta mechi ya sita ya fainali, akapiga 42, ribaundi 15, asisti 7. Wote wageni. Kwa hiyo woga ni tabia ya mtu tu, au uzoefu unaweza kuutoa?

#15 Mwanzisha uzi

Watu wanazaliwa tofauti, hilo sibishani nalo. Magic aliingia uwanjani siku ile kama mtu anayerudi kwake. Lakini hata Kobe hakuonyesha woga siku ile, aliendelea kutupa. Alichokosa ni miguu ya mtu mzima baada ya msimu mrefu, na mwenyewe alieleza hivyo baadaye. Akaenda kuijenga.

Anayenijibia swali lako ni Scottie Pippen. Mechi ya saba dhidi ya Detroit, 1990, aliingia uwanjani na kipandauso. Macho hayaoni vizuri, kichwa kinapasuka. Alitupa mara kumi akapata moja, akaondoka na pointi mbili. Watu wakamwita mwoga, na jina hilo likamfuata kiangazi kizima.

Juni 1991 fainali zikaanza. Lakers wakashinda ya kwanza. Kuanzia ya pili Pippen akapewa kazi kubwa ya kumkaba Magic Johnson, kumfuata tangu upande wa pili wa uwanja, kumchosha kabla hajaanza kupanga mashambulizi. Na usiku wa kufunga kazi, mechi ya tano, ugenini Los Angeles, alimaliza na pointi 32 na ribaundi 13.